Mtoro ni Nani? Kauli Kuhusu Safari za Milimani Katika Kisiwa cha Réunion

Utangulizi

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila atembeaye huona. Yupo msafiri anayerejea kwao na mamia ya picha za kilele asichojua jina lake lilitoka wapi, huku akijisifu kwa kuupanda mlima ambao wengine waliupanda wakiwindwa kwa bunduki. Msafiri huyo hatumlaumu kwa kupumzika. Tunamlaumu kwa kusoma jalada na kudhani amemaliza kitabu.

Makala haya yanakusudia kutoa kauli kuhusu utalii wa milimani katika kisiwa cha Réunion, ambao katika miaka ya karibuni umevuma kote duniani miongoni mwa wapenda kutembea kwa miguu, kukwea magenge na kukimbia masafa marefu. Hoja yetu ni mbili zilizoshikamana. Kwanza, milima ya kisiwa hicho ni kumbukumbu ya watumwa waliotoroka, na anayeitembelea kana kwamba ni pori tupu hajaitembelea. Pili, sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili hatuwezi kuisimulia safari hiyo kwa haki pasipo kulitazama upya neno moja tulilolizoea mno, yaani mtoro.

Kisiwa na milima yake

Réunion iko katika Bahari ya Hindi, takriban kilomita 700 mashariki mwa Madagaska. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba 2,500, karibu sawa na Kaunti ya Kiambu. Kisiwa hiki hakikuwa na wakazi kabla ya karne ya 17. Wafaransa walikiita Bourbon, wakakijaza watu waliowaleta kwa hiari na, zaidi, kwa nguvu. Tangu mwaka 1946 kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na sarafu yake leo ni yuro.

Katika eneo hilo dogo umesimama mlima Piton des Neiges wenye urefu wa mita zipatazo 3,070, ambao ndio mrefu kuliko yote katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Ni volkeno iliyozimika. Mmomonyoko wa muda mrefu na maporomoko ya ardhi yameuchimba ubavuni mabakuli matatu makubwa yenye kuta za mawe zinazopanda wima kwa mamia ya mita: Mafate, Cilaos na Salazie. Upande wa kusini-mashariki iko volkeno ya pili, Piton de la Fournaise, ambayo ni miongoni mwa volkeno zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani. Mnamo Aprili 2007 ililipuka kwa kishindo kikubwa. Sakafu ya kasoko yake ikadidimia, na uji wa moto ukaikata barabara ya pwani hadi baharini. Mvua nayo haina masihara. Mnamo Januari 1966, kimbunga kilipopita, sehemu moja ya nyanda za juu ilipata milimita 1,825 za mvua kwa saa 24. Hicho ni kiasi kinachozidi mvua ya mwaka mzima katika sehemu nyingi za Kenya.

Si ajabu, basi, kwamba wapenda matembezi wamekifanya kisiwa hiki kuwa kama hija yao. Zipo mamia ya kilomita za njia za miguu. Upo mzunguko wa siku kadhaa unaoizingira Piton des Neiges, na ipo njia inayokipasua kisiwa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kila Oktoba hufanyika mbio ziitwazo Grand Raid, ambapo maelfu ya watu hukivuka kisiwa kwa miguu, zaidi ya kilomita 160, wakipanda na kushuka usiku na mchana. Wenyeji wameziita mbio hizo mshazari wa wendawazimu.

Kivutio kikuu zaidi, kwa maoni yetu, ni Mafate. Bakuli hili halina barabara hata moja ya gari. Watu wapatao mia nane wanaishi humo, katika vijiji vidogo vilivyotapakaa juu ya vipande vya ardhi tambarare. Kila kipande huitwa îlet, neno lenye maana ya kisiwa kidogo. Na kweli, kijiji kimezingirwa na makorongo kama kisiwa kinavyozingirwa na maji. Shehena nzito huletwa kwa helikopta. Kwa miaka mingi barua zilipelekwa na tarishi wa posta aliyetembea kwa miguu, begi mgongoni, akishuka korongo hili na kupanda lile. Mtalii naye hana budi kufanya vivyo hivyo. Hutembea saa kadhaa chini ya kangaga warefu kama miti, akapita msitu wa mti ambao wenyeji huuita tamarini wa nyanda za juu (mti ambao kwa hakika si mkwaju bali ni jamaa wa mgunga), kisha akafika kijijini akiwa hoi, akaandaliwa wali, maharagwe na mchuzi, akalala.

Ni safari njema. Swali ni je, huyo aliyelala pale amelala wapi?

Majina yanayosema

Katika karne ya 18 mashamba ya kahawa yalienea katika nyanda za chini za Bourbon, na waliolima ni watumwa kutoka Madagaska, Afrika Mashariki na kwingineko. Aliyetaka kuukwepa utumwa alikuwa na njia mbili. Bahari ilikuwa mbele yake, na wapo waliojaribu kuivuka kwa mitumbwi ya kuiba. Mlima ulikuwa nyuma yake. Wengi walipanda.

Adhabu yao iliandikwa. Sheria ya mwaka 1723 iliyowekewa visiwa hivyo iliagiza kwamba mtumwa atakayetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa ya moto begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti. Mara ya tatu, auawe. Tena vikosi vya wawindaji vilipandishwa milimani, na aliyerudi na mkono uliokatwa kama ushahidi wa windo lake alilipwa. Mwindaji aliyevuma kuliko wote aliitwa François Mussard. Zingatia, msomaji, ile adhabu ya pili. Sheria iliukata mguu kwa sababu mguu ndio uliokuwa silaha ya mtu huyu. Kutembea mlimani, jambo ambalo leo watu hulilipia nauli ya ndege, ndilo lililokuwa kosa.

Waliowindwa wameacha nini? Wameacha majina. Mafate inasimuliwa kuwa ni jina la kiongozi wa watoro aliyeuawa na kikosi cha Mussard mwaka 1751. Kilele cha Cimendef, kinachotenganisha Mafate na Salazie, kina jina la kiongozi mwingine, na jina lenyewe hufasiriwa kutoka Kimalagasi kuwa asiye mtumwa. Dimitile, mlima ulio juu ya mji wa Entre-Deux, ni jina la kiongozi wa tatu. Cilaos hufasiriwa kuwa mahali ambapo mtu haondoki. Katikati ya Salazie kimejitenga kilima chenye kuta wima, ambacho hekaya husema Anchaing na mkewe Héva walijificha juu yake kwa miaka mingi, wakiona kila aliyekuwa akija kabla yeye hajawaona. Hekaya ni hekaya, na hatudai kwamba kila neno lake ni historia. Lakini wanaakiolojia nao wamechimba katika eneo la Cilaos, mahali palipo juu ya mita 2,000, wakakuta vibanda viwili vidogo vya mawe na mifupa ya ndege wa baharini walioliwa humo. Usiku wa mahali hapo una baridi kali. Mtu hajengi huko kwa kupenda mandhari.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba si kila njia ya leo ilikanyagwa kwanza na mtoro. Nyingine zilitengenezwa na watumishi wa misitu, nyingine na wakulima Wazungu maskini waliopanda milimani baadaye, hasa katika karne ya 19, baada ya kukosa ardhi pwani. Utumwa ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, wakaachiliwa watu wapatao 60,000, na wakazi wa Mafate wa leo ni mchanganyiko wa vizazi vya hao wote. Hata hivyo, waliokuja baadaye waliyakuta majina, na hawakuyafuta.

Milima miwili, usomaji wa aina mbili

Kasoro tunayoilalamikia inaonekana wazi tukivilinganisha visiwa viwili jirani. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza mlima Le Morne wa Mauritius katika orodha ya urithi wa dunia. Le Morne ni jabali la mita zipatazo 550 tu, na liliingizwa kwa sifa za kitamaduni, yaani kwa kuwa lilikuwa maficho ya watumwa waliotoroka na limebaki kuwa ishara ya upinzani wao. Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, vilele, mabakuli na kuta za Réunion viliingizwa katika orodha iyo hiyo, zaidi ya hekta 100,000, karibu asilimia 40 ya kisiwa kizima. Safari hii sifa zilizotajwa zilikuwa za kimaumbile pekee: uzuri wa mandhari pamoja na wingi wa mimea na viumbe adimu.

Hatusemi sifa hizo ni za uongo. Tunasema tu kwamba watu wale wale, waliowindwa katika zama zile zile na wenye mabwana wa taifa lile lile, wamekuwa historia katika kisiwa kimoja na wamekuwa mandhari katika kingine. Mwenye kuuza safari hufuata mkumbo huo. Humwahidi mteja pori lisiloguswa, upweke na ushindi juu ya maumbile. Lakini pori hilo liliguswa, na lilikuwa na wenyewe. Kuliita tupu ni kuwafukuza watu hao mara ya pili.

Mtoro katika Kiswahili

Hapa ndipo suala linapobisha hodi katika nyumba yetu. Tuseme mwanafunzi wa isimu au fasihi amepewa kazi ya kuyatafsiri maelezo ya safari ya Mafate kwa Kiswahili. Atakutana na neno marron katika kila ukurasa. Atalitafsiri vipi?

Neno liko: mtoro. Katika pwani yetu ya karne ya 19, watoro walikuwa ndio hao hasa, watumwa waliowahama mabwana zao na kuanzisha makao yao. Walikuwako Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Walikuwako Witu, ambako mtawala aliwapa hifadhi. Walikuwako Gosha, kandokando ya mto Juba. Tatizo ni kwamba leo ukilitamka neno hili darasani, kila mtu anamfikiria mwanafunzi aliyeruka ua kwenda sokoni. Mtoro amekuwa mvivu na mkwepa wajibu. Tukichunguza, maana hiyo ya leo haikuzuka hivi hivi. Inamtazama mtu kutoka upande wa yule aliyeachwa: mwenye shamba zamani, mwalimu mkuu sasa. Inauliza mtu ameacha kazi gani. Haiulizi alikuwa akifanyiwa nini.

Wapo watakaopendekeza maneno mengine. Mkimbizi ni la kwanza, lakini neno hilo limekwisha kubeba maana ya mtu aliyehama vita au mateso akitafuta hifadhi katika nchi nyingine, na mtoro wa Mafate hakuomba hifadhi kwa mtu. Mwasi ni la pili, lakini kuasi ni kukataa mamlaka yaliyokuwa na haki ya kutiiwa, na hapo tutakuwa tumempa bwana haki asiyokuwa nayo. La tatu ni maelezo: mtumwa aliyejikomboa. Ni mazuri, ila yanaanza kwa kumwita mtumwa mtu ambaye, kama jina la Cimendef linavyofasiriwa, alikataa katakata kuitwa hivyo.

Maoni yetu ni kwamba tulibakishe mtoro, lakini tulisafishe. Jambo hilo linawezekana, na ushahidi upo kisiwani kwenyewe. Neno marron lina asili katika Kihispania cha visiwa vya Karibi, ambako lilitumiwa kwa mifugo iliyotoroka na kugeuka ya mwituni. Ni vigumu kupata tusi zito zaidi ya kumfananisha mtu na ng'ombe aliyekata kamba. Lakini leo, katika Krioli ya Réunion, neno hilo linaweza kutamkwa kwa fahari. Vivyo hivyo kwa neno kaf, analoitwa kisiwani mtu mwenye asili ya Afrika. Neno hilo limetokana, kupitia Kireno na Kifaransa, na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi kafiri. Na bado sikukuu ya Desemba 20, siku ya mapumziko kisheria, huitwa na wenyeji Fèt Kaf, sikukuu ya Makaf. Waliotukanwa wameliokota tusi, wakalifuta vumbi, wakalivaa.

Tena sisi Wakenya tuna mfano wetu. Wapiganaji wa Mau Mau waliojificha katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya katika miaka ya 1950 waliitwa magaidi na serikali ya kikoloni, na chama chao kikaendelea kupigwa marufuku kisheria miaka 40 baada ya uhuru, hadi mwaka 2003. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi. Lugha yetu iliweza kumtoa mtu msituni ikampandisha juu ya jukwaa la mawe. Itashindwaje na mtoro?

Tuongeze jambo moja dogo ambalo wasomi wetu wanalijua lakini hawalitii maanani. Yule mwandishi wa Bagamoyo ambaye maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili yanasomwa hadi leo, jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Neno tunalomkemea nalo mwanafunzi limo katika orodha ya majina matukufu ya nathari yetu.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza itasema kwamba mtalii ametafuta pumziko, wala hakujiandikisha kwa somo la historia. Tunakubali kwamba hakuna anayepaswa kupanda mlima akiomboleza. Lakini kujua hakupunguzi furaha. Anayejua kwamba Anchaing anasimuliwa kuwa alikichagua kilima kile kwa sababu kila njia inaonekana kutoka juu, atasimama pale na kuzitafuta njia hizo kwa macho, na ataona zaidi ya yule anayepiga picha ya mawingu.

Pingamizi ya pili ni nzito. Itasema kwamba viongozi hawa walikuwa na majina ya Kimalagasi, Waswahili wanaingiaje? Jibu linatuaibisha kidogo, na ndiyo maana tunalitoa. Mnamo Septemba 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo vya Wafaransa. Biashara hiyo iliendelea kuwachukua watu wa pwani na bara yetu hadi karne ya 19. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwako katika habari hii tangu forodhani. Lugha ya mwenyeji wa mkataba ilikuwa lugha yetu. Na huenda miongoni mwa waliopakiwa walikuwamo wanaoijua. Ikiwa lugha moja ilitumika kumuuza mtu, ina deni la kumwita kwa heshima huko alikopanda.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba milima ya Réunion si uwanja wa mazoezi pekee, na kwamba jina la kilele linaweza kuwa ndiyo nyaraka pekee iliyobaki ya mtu ambaye sheria haikumruhusu hata kuwa na mguu wake. Kutokana na hayo tuna mapendekezo matatu. Watunga kamusi walipe neno mtoro maana yake ya kihistoria, tena waiweke mwanzo, kabla ya ile ya shule. Walimu wa tafsiri na wa isimujamii walichukue neno hili kuwa mfano wa somo, maana linaonyesha vizuri kuliko nadharia nyingi jinsi maana inavyomilikiwa na mwenye nguvu. Nasi wanafunzi, ambao wengi wetu tutaajiriwa katika utalii kuliko katika vyuo, tuanze kukusanya majina ya vilima, mapango na makorongo ya kwetu, kuanzia Fuladoyo, kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka.

Siku mmoja wetu akijaliwa kufika Mafate, akaulizwa na mwenyeji kwao humwitaje mtu aliyepanda milima hii akikataa utumwa, asibabaike wala asitafute neno la kuazima. Aseme: mtoro. Na alitamke kwa sauti ile ile ambayo mwenyeji hulitamka la kwake.